Uzi maalumu: Namna ya kuipima miksi ya saraundi kwenye muziki wa ala kavu. Wadau wa Mwanza na Kanda ya Ziwa tukutane hapa

Msikivu wa Nyegezi:

Wakuu, mwangaluka.

Kuna kipimo kimeota mizizi huku kwetu na leo nataka tukijadili bila kuoneana haya. Mtu akipata diski ya saraundi (sauti ya kuzunguka, kwa kawaida spika tano: tatu mbele, mbili nyuma), iwe SACD, DVD-Audio au Blu-ray ya muziki mtupu, anaiweka, anasogeza sikio kwenye spika za nyuma, halafu anatoa hukumu. Zikilia sana, diski ni kali. Zikinong'ona, diski mbovu na hela imeliwa. Pale Makoroboi nimewasikia watu wazima kabisa wakitaka kurudisha mzigo kwa sababu hiyo tu.

Kwa filamu sina neno, helikopta na ipite utosini. Lakini kwa gitaa kavu, kwaya isiyo na kinanda, zeze, marimba, fidla na selo, kipimo hicho kinaua kazi nzuri na kuipandisha kazi ya ovyo.

Hoja yangu ni hii. Swali la kwanza la kumuuliza aliyemiksi ni: umenikalisha wapi? Mbele ya wapigaji, safu ya sita hivi ukumbini? Au katikati yao, huku wamenizunguka? Yote mawili ni halali. Ukishajua kiti chako kiko wapi, kila kitu kingine unakipima ukiwa umekaa hapo: je, amenikalisha kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho, au ananihamisha kila baada ya ubeti?

Wapo waliofanya kazi hii kwa uwazi hadi diski zao zinafaa kuwa darasa. AIX Records ya Marekani, ya Mark Waldrep, ilikuwa ikitoa DVD-Audio zenye miksi mbili za saraundi ndani ya diski moja: ya kwanza unasikiliza ukiwa miongoni mwa watazamaji, ya pili ukiwa jukwaani na wapigaji. Wimbo uleule, siku ileile, maiki zilezile. Unabonyeza rimoti unahama kiti. Ukitaka masikio yako yaelewe tofauti ya mitazamo hii miwili, hakuna njia fupi kuliko hiyo. Tacet ya Ujerumani walichagua upande mmoja moja kwa moja: wanawasambaza wapigaji pande zote, fidla hii nyuma yako, ile kushoto. 2L ya Norwei, ya Morten Lindberg, wanaingia makanisani na kuwapanga wanamuziki duara kuzunguka maiki, kila maiki ikiwa mahali ambapo spika yake itakuja kukaa sebuleni kwako. Albamu yao ya LUX ilichukua Grammy ya sauti ya kuzunguka mwaka 2020. Upande wa pili kuna PentaTone na Channel Classics wa Uholanzi na BIS wa Sweden, ambao mara nyingi wanakuweka ukumbini: orkesta mbele, nyuma unapewa ukumbi wenyewe.

Sasa chukua diski ya ukumbini ya namna hiyo, halafu umpe mtu anayepima kwa kuweka sikio spika ya nyuma. Atasikia mvumo hafifu, atasema spika zimelala. Kumbe hicho anachokiita usingizi ndicho alicholipia.

Kabla hujahukumu chochote, seti yako iwe imekaa sawa. Kwenye hili sitaki mjadala mrefu, maana nusu ya malalamiko yanaanzia hapa. Pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, liko wazi: spika za mbele kushoto na kulia ziwe nyuzi 30 kutoka katikati kila upande, za nyuma ziwe kati ya nyuzi 100 na 120. Maana yake ziko ubavuni, zikirudi nyuma kidogo ya masikio. Haziko kwenye kona za ukuta wa nyuma, wala hazining'inii darini. Zote tano ziwe mbali sawa na kiti. Kama sebule hairuhusu, mwambie risiva umbali halisi ili icheleweshe zilizo karibu. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila sentimita 34 ni kama milisekunde moja. Spika ya nyuma ikiwa mita moja na nusu kutoka kwako na ya mbele mita tatu, ya nyuma inakuwahi kwa zaidi ya milisekunde nne. Hapo sikio linaanza kuvutwa nyuma hata kama aliyemiksi hakutaka.

Halafu ukubwa wa sauti. Washa kelele ya majaribio ya risiva, weka simu yenye programu ya kupima desibeli pale kichwa kinapokaa, kila spika isome sawasawa. Watu wa filamu huwa wanashusha za nyuma desibeli 3 kila moja kwenye kumbi zao. Muziki unamiksiwa spika zote zikiwa sawa. Ukiacha seti ikiwa ya sinema, umeshaipotosha miksi kabla hujaisikia. Zima pia kile kitufe cha kusikiliza usiku na kile kinachogeuza stereo kuwa saraundi ya kubuni.

Baada ya hapo mimi nafanya hivi.

Nasikiliza sekunde zile kabla ya noti ya kwanza. Kwenye rekodi iliyofanyika mahali pamoja na maiki zote zikiwa wazi, unasikia chumba kinafunguka: hewa, kiti kinachogusa sakafu, pumzi ya mwimbaji. Hewa hiyo inakuzunguka pande zote kabla hata muziki haujaanza. Kwenye miksi iliyopikwa, nyuma ni kimya cha kaburi hadi noti ya kwanza ipigwe, ndipo mvumo unarushwa ghafla. Sekunde hizo chache zinaniambia mengi kuliko wimbo mzima, maana mpigaji bado hajaanza kunishawishi.

Kisha nazima za mbele, nabaki na za nyuma peke yake. Hiki ndicho kipimo changu kikuu. Kama mtazamo ni wa ukumbini, ninachotakiwa kusikia ni onyesho lilelile kutoka mbali: ala zimechanganyika, ukali umepungua, kila pigo limechelewa kidogo na limevaa mwangwi wa kuta. Wahandisi wana mbinu za kukamata hilo. Mojawapo ni mraba wa Hamasaki wa Japani, maiki nne za umbo la nane (zinasikia mbele na nyuma, ubavuni hazisikii) zinazowekwa ndani ukumbini, upande usiosikia ukielekezwa jukwaani, ili zinywe ukumbi na kuwaacha wapigaji. Sasa nikizima mbele nikasikia kucha za mpiga gitaa zikikwaruza waya, kavu, waziwazi, najua chaneli za mbele zimenakiliwa nyuma na kupunguzwa sauti. Huo ni udanganyifu. Na nikisikia mkia mmoja unaong'aang'aa kama bati, uleule kwa gitaa, uleule kwa sauti ya mtu, uleule kwa ngoma, najua ni mashine ya mwangwi. Mashine si dhambi, ila ukumbi wa kweli hauijibu ngoma kama unavyomjibu mwimbaji.

Kipimo cha tatu ni kinyume chake. Zote zinalia, wimbo umekolea, nazima za nyuma ghafla. Kwenye miksi nzuri ya ukumbini, mwimbaji habanduki mahali pake, ila kuta zinaanguka: ghafla niko sebuleni Nyegezi, na feni naisikia. Nikiziwasha, nimerudi kanisani. Kama nikizima sioni ninachokosa, saraundi ile ilikuwa pambo.

Sikiliza pia mapigo mafupi: kofi, fimbo ya ngoma, waya wa gitaa uliodonolewa. Mwaka 1949 Helmut Haas alionyesha kwamba sauti inayorudi ndani ya milisekunde 30 hivi, sikio linaijumlisha na ile ya kwanza na kuhesabu zote zimetoka kule kwa kwanza. Ikichelewa sana, ikipita 50 na ikiwa na nguvu, unasikia pigo la pili. Kwa hiyo ukisikia kofi mbele halafu kofi jingine nyuma, zikiwa mbili, aliyeweka maiki za nyuma kazipeleka mbali mno bila kusawazisha, au kazipandisha sauti kupita kiasi. Kwenye nyuzi zinazovutwa taratibu kosa hilo linajificha, kwenye ngoma halina pa kujificha.

La mwisho ni ukubwa wa ala. Gitaa ni kitu cha kupakata. Likianzia spika ya kushoto likaishia ya kulia, na waya za juu zikahamia nyuma, huyo mpiga gitaa ana mita nne. Piano inayokuzunguka nayo naikataa, labda kama diski ni ya ukaaji wa jukwaani na wewe ndiye uliyewekwa kwenye kigoda cha mpigaji. Mwimbaji awe na kinywa kimoja, mahali pamoja, na ukiinamisha kichwa upande asikufuate.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, nipo.

---

Fundi wa Mabatini:

Mkuu umeongea. Mimi nafunga hizi seti, nikazie mambo mawili tu maana yananitesa kila siku.

Moja: mtu ananunua SACD kwa hela ndefu, anaichomeka kwenye deki ya kawaida, inalia, anasema mbona sioni saraundi. Diski nyingi za SACD zina tabaka mbili. Deki ya kawaida inasoma tabaka la CD, ambalo ni stereo. Tabaka la saraundi haligusi kabisa. Kwa hiyo amesikiliza CD na kuihukumu SACD. Lazima mashine yenyewe iwe ya SACD. Hata PlayStation 3 zile za mwanzo zinasoma, ukiipata nzima ishike.

Mbili: waya wa mwanga. Ule hauwezi kubeba saraundi ya SACD wala ile kamili ya DVD-Audio. Unabeba stereo, au Dolby Digital na DTS zilizobanwa. Tumia HDMI, au zile waya sita za analogi kama deki na risiva zako ni za zamani. Kisha angalia kioo cha risiva kimeandika nini. Kikisema stereo, ni stereo, usibishane nacho.

Na kwa wenye hela ndogo: DVD-Audio nyingi zina sehemu ya DVD ya kawaida yenye DTS au Dolby Digital. Deki ya kawaida inaisoma. Ubora umepungua, lakini mpangilio wa ala, nani kakaa wapi, unaupata.

---

Msikivu wa Nyegezi:

Fundi, asante sana. Hilo la tabaka la CD lingebandikwa ukutani kwa kila muuza diski. Nakubaliana pia na DTS: kwa kujifunza mitazamo inatosha. Kwa hewa ya chumba na mikia ya mwangwi, hapo kubanwa kunaonekana.

---

Dada wa Isamilo:

Kaka Msikivu, habari ya jioni. Nimesoma yote na nina ubishi.

Mimi naimba sauti ya pili kwaya ya kanisani. Ninavyoujua muziki wa kwaya ni kutoka ndani: soprano kushoto kwangu, besi mgongoni, tena besi wetu wamesimama ngazi ya juu kwa hiyo sauti yao inanishukia shingoni. Ndiyo kwaya hiyo. Nikienda kukaa kwenye benchi la waumini nasikia kitu kingine kabisa, kizuri, lakini kimenyooshwa. Wewe unasema mitazamo yote ni halali, ila vipimo vyako vingi ni vya mtu wa benchi. Kuzima za mbele ukasikiliza nyuma, kwa diski za 2L kipimo hicho kinavunjika, maana nyuma nitasikia waimbaji waziwazi, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa aliyekaa ndani anapimaje?

---

Msikivu wa Nyegezi:

Dada, umenibana pazuri na swali lako ni zito kuliko maelezo yangu ya mwanzo. Ngoja nilijibu kwa kirefu.

Ukikaa ndani ya kwaya, besi wa mgongoni hakufikii peke yake. Anakufikia yeye moja kwa moja, kisha anakufikia tena kutoka ukuta wa mbele, amechelewa, amechanganyika na soprano. Na soprano wa kushoto naye anasikika kidogo kwenye ukuta wa kulia. Kwa hiyo ukizima spika zote ukabakiza moja ya nyuma, kwenye rekodi ya kweli utamsikia besi akiwa karibu, na nyuma yake utawasikia wengine wote kwa mbali, wakiwa ndani ya chumba kilekile. Hicho ndicho kipimo cha mtu wa ndani: kila spika iwe na mtu wake na wenzake wote. Ukibakiza spika moja ukamsikia besi peke yake, mkavu, hakuna hata mabaki ya soprano, basi hawakuimba pamoja, au wameimba pamoja lakini wamekatwa na kugawiwa spika. Hapo umezungukwa na masanduku matano, kila moja na mtu wake aliyefungiwa.

Na jambo la pili kwa mtu wa ndani ni urari wa umbali. Wote wakiwa mita mbili kutoka kwako, sawa. Mmoja akiwa puani na mwingine mtaa wa pili, hujakaa popote.

Ndiyo maana kazi za duara za 2L nazisifu. Wanaotakiwa kusikika zaidi wanasogezwa karibu kwa miguu, wasiotakiwa kusikika sana wanarudi nyuma hatua. Urari unapatikana sakafuni kabla haujafika mezani kwa mhandisi.

---

Dada wa Isamilo:

Hilo la kusikia wenzake kwenye kila spika nimelielewa na nitalijaribu. Ila bado nashikilia kwamba kwa kwaya, ndani ni bora kuliko benchi. Benchi ni kwa ajili ya misa.

---

Mjita Halisi:

Wakuu, mimi natoka Musoma ila nimekulia Kisesa, niruhusuni niutoe mjadala Ulaya kidogo.

Mnaongea jukwaa na ukumbi kana kwamba kila muziki una mbele na nyuma. Njooni Bujora wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita baada ya sikukuu ya Ekaristi. Makundi mawili ya wachezaji, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wanacheza kwa wakati mmoja na wanashindana kuvuta watu. Kundi likipandisha, umati unakimbilia huko na kuwazunguka. Lingine likileta nyoka au fisi wake, umati unageuka. Hakuna kiti. Aliyeko kwenye duara ana ngoma mbele, wenye njuga wanapita ubavuni, nyuma yake kuna akina mama wanapiga vigelegele, na mbali zaidi anasikia ngoma za wapinzani zinamtia wasiwasi kwamba huko kuna kizuri zaidi. Hicho cha mbali ndicho kinachonoga! Ukirekodi Bulabo kwa stereo umechukua picha ya ukuta.

Kwa hiyo kwa muziki wetu, spika za nyuma kulia kwa nguvu ni haki yake. Kipimo cha wale wa Makoroboi, kwa Bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, kiko sahihi.

---

Msikivu wa Nyegezi:

Mjita, umenipa nilichokuwa nakikosa kwenye uzi huu. Bulabo nimesimama mara nyingi na maelezo yako hayana chumvi.

Nakubali kwamba duara la ngoma halina mbele. Sikubali kwamba basi kulia kwa nguvu kunatosha. Angalia ulichokitaja mwenyewe: ngoma iko karibu, njuga zinapita, vigelegele viko mgongoni, na wapinzani wako mbali. Hizo ni umbali nne tofauti, na uwanja ni wa wazi, hauna kuta wala dari. Uwanjani hakuna mwangwi wa kanisa. Umbali unausikia kwa kitu kingine: sauti inapungua, ukali wa juu unakufa, na vumbi la kelele za watu linajaa katikati. Mtu akirekodi Bugobogobo kisha akaipaka mwangwi wa ukumbi wa sekunde mbili, umri wa mwangwi wa kumbi kubwa za orkesta, ameua uwanja. Na akizileta ngoma za wapinzani zikawa na nguvu sawa na hizi za karibu, ule wasiwasi uliousema umekufa pia, kwa sababu hakuna tena pa kukimbilia.

Kwa hiyo kipimo changu kwa ngoma: funga macho, nyoosha kidole kwa kila kundi la sauti na useme liko hatua ngapi. Ukiweza, miksi ni ya kweli. Njuga zikipita kutoka ubavu wa kulia kwenda mgongoni, zipite kwa mwendo wa mtu anayecheza, zikididimia kidogo akigeuka. Zikiruka kutoka spika hii hadi ile, mtu amezungusha kitufe.

Na tusisahau kwamba si kila muziki wa kwetu ni duara. Mtambaji wa enanga kule Bukoba anakaa, anaweka ubao wake, uzi mmoja umezungushwa huku na huku kwenye ubao uliochimbwa, na wasikilizaji wako mbele yake wanafuata kisa. Huo una mbele. Ukimweka mwenye enanga nyuma yangu, umenigeuzia kisogo cha mtu anayenisimulia. Kila muziki unakuja na kiti chake, na aliyemiksi anatakiwa akijue kabla hajagusa mashine.

---

Mjita Halisi:

Hapo kwenye ngoma za wapinzani umenimaliza. Sawa, karibu sana na mbali sana, si zote kwa nguvu. Nimekubali.

---

Kijana wa Buhongwa:

Shikamooni wakubwa. Mimi sina seti, nina simu na hedifoni. Apple Music ina Atmos, saraundi ya Dolby, tangu 2021. Naweza kujifunza hivi vipimo kwa hedifoni?

---

Msikivu wa Nyegezi:

Marahaba kijana. Kujifunza unaweza, kuhukumu bado. Kwenye hedifoni programu inatengeneza hesabu ya kichwa na masikio ili kuyadanganya masikio yako kwamba sauti iko nje. Hesabu hiyo si ya masikio yako wewe, na mbele ndipo inaposhindwa zaidi: watu wengi wanamsikia mwimbaji ndani ya paji la uso au juu kidogo. Halafu Atmos ya mtandaoni inakuja imebanwa, kilobiti 768 kwa sekunde, wakati ile ya Blu-ray kwenye TrueHD inatunzwa bila kupoteza kitu.

Unachoweza kufanya vizuri kwa hedifoni ni kile kipimo cha sekunde za mwanzo, na kile cha mashine ya mwangwi. Sikiliza mkia wa sauti ya mwimbaji, kisha mkia wa gitaa. Ukiwa ni uleule kabisa, umeshapata jibu bila spika hata moja.

---

Sangara:

Mkuu mimi nina tatizo jingine. Nimeletewa SACD ya PentaTone, muziki wa zamani miaka ya sabini, wameandika RQR. Spika ya katikati haitoi hata pumzi, na sabufa kimya. Nimebadilisha waya, nimeipeleka kwa fundi, bado. Diski feki?

---

Fundi wa Mabatini:

Usipoteze hela Sangara, spika yako nzima. RQR ni Remastered Quadro Recordings: rekodi za Philips za enzi za chaneli nne, miaka ya 1970. PentaTone walizitoa upya na kuziacha hivyo hivyo: mbili mbele, mbili nyuma. Hakuna katikati, hakuna chaneli ya besi. Wangeweza kubuni, hawakubuni.

---

Msikivu wa Nyegezi:

Naongezea kwenye hilo la besi. Kwa muziki wa ala kavu chaneli ya athari za besi haina kazi kubwa, na wahandisi wengi wanaiacha tupu makusudi. Sabufa yako bado inafanya kazi kama risiva inaipelekea besi za spika ndogo, lakini hiyo ni mipangilio yako, haihusiani na diski. Kwa hiyo asihukumu mtu miksi kwa sababu taa ya chaneli fulani haiwaki. Chaneli tupu iliyoachwa kwa sababu ni bora kuliko iliyojazwa kwa ajili ya kujaza.

---

Dada wa Isamilo:

Kaka, swali la nyumba. Sebule yangu ina vigae chini, dirisha kubwa la aluminiamu upande wa ziwa, kuta za tofali zimepigwa plasta laini. Nikipiga kofi linarudi linalia "tring". Nitajuaje mwangwi ni wa diski au wa nyumba yangu?

---

Msikivu wa Nyegezi:

Hutajua, ndiyo maana lazima nyumba itulizwe kwanza. Hiyo "tring" ni sauti inayogongana kati ya kuta mbili ngumu zinazotazamana. Pazia zito kwenye dirisha lile la ziwa, zuria nene kati yako na spika za mbele, kabati la vitabu au nguo ubavuni, sofa la kitambaa badala ya la ngozi. Mkeka mwembamba hausaidii sana, unakula ukali wa juu tu. Piga kofi tena ukiwa umekaa pale pale kwenye kiti cha kusikilizia. Likifa haraka bila kulia, uko tayari.

Mvua ikianza kwenye bati, acha. Hakuna hukumu ya miksi tulivu chini ya bati wakati wa masika.

---

Kijana wa Buhongwa:

Na kwa anayetaka kuanza na faili bila kununua diski?

---

Msikivu wa Nyegezi:

2L wana ukurasa wao wa majaribio wenye vipande vya bure, stereo na chaneli tano kwa wimbo uleule, kwenye FLAC, faili linalobanwa bila kupoteza kitu. Fahamu ukubwa kabla hujagusa bando: chaneli sita (tano na ile ya besi) za biti 24 kwa kilohezi 96, dakika 5 tu bila kubanwa ni kama MB 518. FLAC inapunguza, pengine nusu, lakini bado ni mzigo, pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya mtu anayekupenda. Ukipata, weka kwenye laptopu, HDMI hadi kwenye risiva, programu ya kuchezea iwekwe itoe chaneli zote bila kuzichanganya.

Chagua kipande cha kwaya au cha nyuzi. Sikiliza stereo kwanza mara moja, halafu chaneli tano. Kisha bakiza spika ya nyuma kushoto peke yake na uandike hapa unachosikia: nani yuko karibu, nani yuko mbali, na wamesimama kwenye chumba kimoja au viwili.

---

Fundi wa Mabatini:

Mwenye seti na hana namna ya kupima desibeli, Jumamosi nipo upande wa Pasiansi na mita yangu. Tuandikiane humu nipange njia. Spika za nyuma zishusheni darini kabla sijafika.